Ngazi za nyuma, kabla ya jua kuchomoza

Picha ilifika Tanga mwezi wa Februari, kwenye simu ya mama mkubwa. Dada amesimama mbele ya mti usio na jani hata moja, theluji imemfika magotini, anacheka. Koti lake jeusi limefungwa vifungo hadi shingoni, na mkono wa kushoto wa koti unaning'inia mtupu. Mama mkubwa aliikuza picha, akaizungusha simu huku na huku, kisha akarekodi sauti: "Mwanangu, mbona mkono mmoja siuoni?" Jibu lilirudi baada ya dakika chache: "Baridi tu mama, nimeuficha ndani."

Ulikuwa ndani kweli. Ulikuwa umefungwa P.O.P. kuanzia karibu na vidole hadi chini kidogo ya kiwiko. Mimi nilijua, na kwa wiki sita nikamsaidia kuficha. Najutia wiki zile, na ndiyo sababu ya makala haya. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nisimtaje jina, wala kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi.

Dada anaishi Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kando ya mto Merrimack, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wakenya ni wengi pale, na Watanzania na Wakongo tumo humo humo, kiasi kwamba Kiswahili hukosi kukisikia dukani. Ukiuliza mtu anafanya kazi gani, mara nyingi utajibiwa "niko kwa wazee." Maana yake anakwenda nyumba hadi nyumba kuwaogesha wazee na wagonjwa, kuwavisha, kuwapikia uji, kuwakumbusha dawa, kuwatoa kitandani asubuhi na kuwarudisha jioni. Huku nyumbani tumeiweka kazi hiyo kwenye kapu moja la "kubeba maboksi", na wengine wana majina mabaya zaidi. Siyapendi majina hayo. Nilifanya kazi hiyo mwenyewe kwa vipupwe viwili, na najua uzito wa mtu wa kilo 90 ambaye upande mmoja wa mwili wake umelala kwa kiharusi.

Kwa takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mwaka 2023 kulikuwa na karibu watu milioni 4 katika kazi hizo za kuhudumia watu majumbani, na ujira wa kati ulikuwa dola 16.12 kwa saa. Wengi ni wanawake, na wengi wamezaliwa nje ya Marekani.

Asubuhi ile ya Januari shifti ya kwanza ya dada ilianza saa kumi na mbili, kwa bibi wa miaka 84 anayeishi ghorofa ya tatu. Nyumba za aina ile zimejaa Lowell na Worcester: za mbao, ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa, zilizojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya watu wa viwandani. Dada alikuwa akipita ngazi za nyuma, za mbao, zilizo nje ya nyumba. Mwezi huo jua huchomoza saa moja na dakika kama kumi, kwa hiyo alipanda gizani. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua tangu Desemba. Alikwishawaambia ofisini, ofisini wakasema hilo ni suala la mwenye nyumba.

Mchana wa jana yake kulikuwa na jua. Theluji ya paani iliyeyuka ikawa inadondoka tone kwa tone kwenye kidato cha nne, na usiku yale maji yakaganda. Barafu ya namna hii haina weupe wa kumwonya mtu. Imelala juu ya ubao kama kioo, na rangi unayoiona ni ya ubao wenyewe. Wenyeji huiita barafu nyeusi, na hata wao, waliozaliwa ndani ya theluji, inawaangusha kila mwaka.

Begi la kazi lilikuwa bega la kushoto. Mkono wa kulia ulishika simu, na hapa niseme kwa nini. Sheria ya mwaka 2016 iliyataka majimbo yawe na mfumo wa kielektroniki wa kuthibitisha kwamba mhudumu anayelipwa kwa fedha za Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kweli amefika kwa mgonjwa, saa ngapi, na mahali gani. Kwa wahudumu wengi hiyo ni programu ya simu. Ukichelewa kubonyeza, saa zako zinaingia mashakani. Kwa hiyo dada alikuwa anapanda huku akifungua simu ili akifika mlangoni abonyeze. Mkono ambao ungeshika kishikio cha ngazi ulikuwa umeshika ushahidi wa uaminifu wake.

Alipoteleza aliunyoosha mkono wa kushoto kujikinga, kama afanyavyo kila mtu anayeanguka. Ndivyo mfupa wa kigasha unavyovunjika karibu na kifundo: uzito wote wa mwili unashukia kiganja kilichofunguka. "Nilisikia mlio kwanza," aliniambia, "maumivu yakaja baadaye." Alifika hospitali saa tano asubuhi. Kuhusu saa tano zile za katikati hakunieleza, nami sikuuliza.

Ofisini alisema ameanguka nyumbani kwake.

Jambo ambalo limenichukua muda mrefu kulielewa ni hili: sakafu anayofanyia kazi mhudumu wa nyumbani haina mtu wa kuulizwa. Hospitalini maji yakimwagika kuna mtu wa kudeki, kuna kibao cha njano cha tahadhari, kuna msimamizi wa zamu, na kuna kamera itakayoonyesha ulivyoteleza. Nyumbani kwa mgonjwa, kampuni inasema nyumba si yake. Mwenye nyumba anasema mfanyakazi si wake. Mgonjwa mwenyewe hana nguvu ya kushika chepe na kuzoa theluji, na pengine hakumbuki kama jana ilianguka. Serikali ya Marekani ina idara ya usalama kazini, OSHA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1970, na kampuni za huduma za nyumbani zinawajibika chini yake. Lakini familia inayomwajiri mtu moja kwa moja kwa kazi za kawaida za ndani imeachwa nje ya mkono wa idara hiyo, na mkaguzi si mtu wa kubisha hodi chumbani kwa bibi wa watu kuangalia kama zulia lina ukingo uliokunjamana.

Na mazulia hayo! Kila aliyefanya kazi hii ana hadithi ya zulia. Ni dogo, liko mbele ya sinki la jikoni au pembeni mwa kitanda, halina mpira kwa chini, na haliondolewi kwa sababu lilifumwa na marehemu mume au lilitoka Ureno na mama mzazi. Mimi nililiangukia moja nikiwa nimebeba beseni la maji ya moto. Goti lilivimba wiki mbili. Babu niliyekuwa namhudumia aliniomba msamaha kwa machozi, nami nikaogopa kwamba nikiripoti, binti yake atasema namlaumu baba yake. Sikuripoti.

Halafu kuna mrija wa oksijeni. Mgonjwa wa mapafu anayetumia mashine ya nyumbani anaweza kuwa na mrija wa mita 15, unaomfuata kutoka chumbani hadi sebuleni hadi chooni. Ni mwembamba, unapitisha mwanga, na hauonekani juu ya sakafu ya mbao. Unajifunza kutembea nyumba nzima bila kunyanyua macho. Kuna mbwa anayejipitisha miguuni. Kuna magazeti ya miaka kumi yaliyorundikwa ukumbini, njia ikabaki ya mtu mmoja kupita kiubavu. Kuna balbu hafifu, kwa kuwa mzee anabana umeme kama alivyozoea tangu ujana.

Chumba kibaya kuliko vyote ni bafu. Nyumba nyingi za zamani zina hodhi la kuogea lenye ukingo unaofika magotini, na mgonjwa lazima avushwe ukingo huo mguu kwa mguu. Mhudumu anakuwa ameinama, mguu mmoja kwenye sakafu yenye maji na mwingine umebanwa kati ya choo na ukuta, mikono yote miwili iko kwa mtu aliyepakwa sabuni. Mgonjwa akiteleza, silika inakuambia umdake. Mafunzo yanakataza. Wanaokufunza wanakuambia umfunge mkanda wa kushikia kiunoni kabla hajasimama, na akianza kwenda chini usipingane na uzito wake. Msogeze karibu na mwili wako, umteremshe polepole hadi sakafuni, uite msaada. Ni ushauri mzuri. Lakini nani ana moyo wa kumwachia bikizee wa watu aende chini? Wengi wanamdaka, na wanaanguka wote wawili, mhudumu chini, mgonjwa juu yake.

Hapo ndipo linapoingia jambo linaloniuma zaidi. Kabla huduma haijaanza, muuguzi wa kampuni huenda kumpima mgonjwa, na miongoni mwa maswali ni hatari yake ya kuanguka. Ameanguka mara ngapi? Anatumia fimbo? Anaona vizuri? Yote ni maswali ya lazima. Ila katika fomu zote nilizowahi kuziona sikukutana hata mara moja na swali kuhusu yule atakayepanda ngazi zile gizani kumfikia. Mazulia ni yale yale, barafu ni ile ile, na watu walio juu yake ni wawili.

Watafiti wameliona hilo. Katika mji huo huo wa Lowell, Chuo Kikuu cha Massachusetts kilifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya wahudumu wa nyumbani, wakahojiwa zaidi ya wahudumu 1,200 wa jimbo hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Hoja ya watafiti hao ni nyepesi kueleweka: nyumba iliyo salama kwa mhudumu huwa salama kwa mgonjwa pia, na kuitazama kwa jicho moja ni kupoteza nusu ya kazi. Taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, nayo ilikwishatoa mapitio ya hatari za kazi hii mwaka 2010. Maarifa yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapeleka mpaka kwenye kidato cha nne.

Sheria zenyewe zilichukua muda kukubali kwamba hii ni kazi. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipopanua sheria ya mishahara liliwaacha nje watu wa kuwaliwaza wazee, likiwaweka kundi moja na wasichana wa kukaa na watoto jioni wazazi wakitoka. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaika aliyewahudumia wagonjwa New York kwa miaka mingi, aliishtaki kampuni yake kwa kutomlipa muda wa ziada. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2007 majaji wote tisa waliamua dhidi yake. Alifariki mwaka 2009. Kanuni iliyowapa wahudumu wa kampuni haki ile ilitolewa mwaka 2013 na ikaanza kufanya kazi mwaka 2015, yeye akiwa hayupo. Namtaja hapa kwa sababu ukishaitwa mliwazaji, kuanguka kwako kunaonekana kama kuanguka kwa mgeni aliyekuja kunywa chai.

Nilimuuliza dada kwa nini alisema uongo ofisini. Tulikuwa jikoni kwake, mkono umeshapona, ila kifundo hakikunji kama zamani. Alimenya viazi viwili vizima kabla ya kujibu.

"Mdogo wangu, nikisema nimeanguka kwa bibi, kesi wanaitoa. Wanampa mtu mwingine. Nami nina kesi tatu tu."

Kesi, kwa lugha ya kazi ile, ni mgonjwa. Ukiwa na kesi tatu una saa za kutosha kodi ya nyumba na ada ya mtoto Tanga. Ikitolewa moja, hesabu yote inavunjika. Alitaja na mambo mengine: kwamba alidhani hakuna shahidi, na bibi mwenyewe kumbukumbu inapotea, kwamba karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa na hakutaka jina lake liingie kwenye faili lolote, kwamba aliona aibu. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo. Mtu mzima kuanguka ngazini, akasema, utadhani mtoto.

Hofu hizo zote nazijua. Lakini nyingi kati yake zimejengwa juu ya taarifa pungufu, na ukimya wake ulimgharimu fedha ambazo zilikuwa haki yake. Massachusetts inawalazimisha waajiri wawe na bima ya fidia ya wafanyakazi. Hata mfanyakazi wa ndani aliyeajiriwa na familia anaingia humo, mradi anafanya kazi kwa mwajiri huyo saa 16 au zaidi kwa wiki. Matibabu ya jeraha la kazini yanalipwa na bima. Ukishindwa kabisa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 60 ya wastani wa mshahara wako wa wiki. Siku tano za mwanzo hazilipwi, isipokuwa kama umekaa nje siku 21 au zaidi, na hapo zinarudishwa nazo. Mtu aliyekuwa akipata dola 800 kwa wiki, akakaa wiki sita na P.O.P., angepokea dola 480 kila wiki, jumla dola 2,880. Bima hii haiulizi kosa lilikuwa la nani. Haimnyimi mtu kwa sababu ya karatasi za ukaazi. Shahidi si sharti. Ripoti ya siku ile ile na maelezo ya daktari yana uzito mkubwa.

Dada alizikopa wiki zile sita kwenye upatu wa akina mama wenzake, akalipa deni hadi Septemba.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Massachusetts, katika kesi iliyoihusu Target, kampuni ya maduka makubwa, iliondoa kanuni ya zamani iliyowakinga wenye nyumba dhidi ya madai ya theluji na barafu iliyoganda kwa njia ya asili. Sasa mwenye nyumba anatakiwa kuchukua hatua za busara kuondoa hatari hiyo, kama hatari nyingine yoyote. Mhudumu aliyeanguka kwenye ngazi zake anaweza kumdai yeye, mbali na fidia ya mwajiri. Lakini lazima ampe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30. Dada alipojua hilo, siku zilikuwa zimepita 200.

Hali haifanani kila jimbo. Texas, ambako Waafrika Mashariki wamejaa Dallas na Houston, ndiyo jimbo pekee linalomruhusu mwajiri binafsi wa kawaida kuamua mwenyewe kama atakuwa na bima ya fidia au la. Anayeanza kazi kule aulize siku ya kwanza, kabla hajapewa funguo za nyumba ya mtu. Na kila mahali ni vizuri kujua kwamba safari ya asubuhi kutoka kwako kwenda kwa mgonjwa wa kwanza kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazi, ila mwendo wa kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine ni saa za kazi na unapaswa kulipwa. Wahudumu wanakimbia katikati ya nyumba na nyumba kana kwamba muda ule ni wao. Ni wa mwajiri, na mtu anayelipwa kwa muda huo hana sababu ya kukimbia juu ya barafu.

Vya kuzuia ajali hizi si vya gharama kubwa. NIOSH waliwahi kufanya jaribio katika wilaya 226 za shule, kwa wafanyakazi wa jikoni. Kundi moja lilipewa bure viatu vyenye soli isiyoteleza, jingine likaendelea kama zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: kwa waliopewa viatu, madai ya kuumia kwa kuteleza yalishuka kwa asilimia 67. Jikoni si ngazi ya barafu, na kwa barafu unahitaji meno ya chuma ya kuvalisha chini ya kiatu, yanayovuliwa mlangoni. Lakini angalia neno "bure" katika jaribio lile. Mtu wa dola 16 kwa saa atanunua viatu vya mtoto kwanza.

Chumvi ya kuyeyusha barafu nayo inasaidia, hadi baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri. Hapo inaanza kushindwa, na mchanga unafaa zaidi kwa kushika mguu. Ndoo moja ya mchanga chini ya ngazi. Balbu moja. Begi la mgongoni badala ya la begani. Ruhusa ya kubonyeza simu ukiwa umeshaingia ndani na kuketi. Na mtu ofisini ambaye ukimpigia saa kumi na mbili kasoro robo ukamwambia ngazi hazipandiki, atakuambia subiri kwenye gari, tunampigia mwenye nyumba, saa zako zinaendelea kuhesabika. Nimewauliza wengi niliofanya nao kazi kama wana mtu kama huyo. Wawili walisema ndiyo, na wote wawili walimtaja kwa jina, kwa shukrani, kama mtu anavyomtaja jirani aliyemfaa msibani.

Dada alimwambia mama yake ukweli mwezi wa Agosti, aliporudi Tanga kwa likizo. Nilikuwepo. Tulikuwa barazani baada ya magharibi, akaukunja mkono wa blauzi na kuonyesha kifundo. Mama mkubwa alikishika, akakigeuza taratibu hadi pale kinapokwama. Hakugomba kuhusu picha ya Februari. Alikaa nacho mapajani mwake muda mrefu.

"Ulianguka saa ngapi?"

"Kabla ya saa kumi na mbili, mama."

"Na hospitali ulikwenda saa ngapi?"

"Saa tano."

Mama mkubwa aliuguza mama yake mwenyewe kitandani kwa miaka minne. Akamtazama.

"Yule bibi nani alimwogesha siku hiyo?"

"Mimi," dada akasema. "Kwa mkono huu mmoja."